Mikono Iliyofunikwa kwa Rangi

Dada Riziki,

Nimekasirika, na wewe ndiye wa kwanza ninayetaka kumwambia. Yule Mwitaliano amekufuta.

Unamkumbuka, mchoraji aliyekuja saluni Jumamosi tatu, akakaa kwenye kiti cha wateja na makaratasi yake, akala sombe yako mpaka akafuta sahani kwa kidole. Wewe hukutaka kupigwa picha hata siku moja. Ulisema waliotufukuza kule nyumbani wana macho hata huku Durban. Mimi ndiye niliyekubembeleza. Ukasema, "Haya, achore mikono tu. Mikono haina jina." Akachora kichwa changu kwa nyuma, na mikono yako ikinisuka, na lile kovu la maji ya moto kwenye kidole gumba.

Homa ilipokuchukua hatukuwa na picha. Kwenye kilio tuliweka ile ndogo ya karatasi yako ya ukimbizi, wakaikuza mpaka uso ukawa madoadoa. Furaha aliitazama, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Mtoto wako, Dada. Tangu siku hiyo yuko kwangu, analala kitanda kimoja na mimi na mwanangu, na mimi nilijishikilia kwenye jambo moja tu: mikono ipo.

Mwezi huu kadi yake ya mwaliko ikafika saluni. Picha zake zimetundikwa kule mtaa wa Morningside, kwenye galari yenye sakafu inayong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Nilimvalisha Furaha gauni la kanisani, mwanangu mgongoni, tukapanda taxi. Njia nzima Furaha anauliza, "Mama mdogo, mikono ya mama iko inatungojea?" Nikamjibu, iko.

Haikuwepo. Kichwa changu kipo, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama ovyo. Mikono hakuna. Kuna kijani tu, kama ukuta.

Nilimwuliza mama wa pale, mwenye miwani shingoni, kwa Kiingereza changu cha sokoni. Akanieleza kwa upole kwamba mchoraji aliifunika mwishoni. Mikono ilikuwa inavuta macho mno, na bila mikono, picha inapumua.

Picha inapumua, Dada. Wewe hupumui.

Eish, nililia mbele za watu. Mwanaume mmoja alikuwa anamwambia mkewe eti hizo nywele ni kama zinajisuka zenyewe. Zinajisuka! Saa sita nzima ulisimama, miguu imevimba, mimi nasinzia!

Furaha hakulia. Alisogea mpaka ubavuni mwa picha, akachungulia kutoka pembeni, vile alivyokuwa anachungulia sufuria yako. "Mama mdogo, iko hapa. Iko chini." Mlinzi akasema, "Wee, usiguse!" Hakugusa. Nikainama naye. Mwanga wa dirisha ulikuwa unapita juu ya ile kijani, na rangi imevimba: vidole vyako, kimoja kimoja, mpaka gumba.

Nikamwita yule mama aje ainame. Akainama, akavaa miwani yake. Nikamwambia aandike kwenye kile kikaratasi cha ukutani kwamba chini pana mikono, na ina jina, Riziki. Akasema atamwuliza mchoraji. Mpaka leo hawajanipigia. Nimemsamehe? Sijamsamehe. Na wewe unisamehe, maana ni mimi niliyekubembeleza. Lakini yule mama bado ninamtumaini kidogo. Aliinama.

Jana nilimsuka Furaha, amekaa katikati ya magoti yangu kama ulivyokuwa unanikalisha. Nikavuta sana. Akanishika kidole gumba, akauliza, "Na hapa, mama iko chini?"

Nikasema, iko.

Sasa nimeshasema, siwezi kurudi nyuma. Pumzika, Dada. Kichwa chake sitakipeleka kwa mtu mwingine. Nitamsuka mwenyewe vile ulivyonifundisha, kuanzia shingoni, mpaka vidole vyake navyo vijue njia.

Mdogo wako,
Mapendo