Baiskeli ya Seth Imeshuka Ukutani

Wifi yangu Paulina,

Mbukwa! Huku Bahi mvua imekubali safari hii. Mpunga umesimama vizuri, ila ndege wanatutoa jasho. Mahindi ya Mlali yanasemaje?

Ile baiskeli aliyoitundika kaka yako siku anaondoka, akaniambia niitunze, nimeishusha. Miaka yote nilikuwa naifuta vumbi tu, mguu wangu hautoki nje ya ua. Kisha nikasikia kwamba huko Geita alikokwenda kutafuta maisha ana mke, na mtoto anayeanza kutembea. Najua ulijua, wifi. Sikulaumu, ungeanzaje kunitamkia?

Munira, yule jirani yangu Mrangi, ndiye aliyenishikia kiti nikijifunza. Nilianguka mpaka mbuzi wakaacha kushtuka! Sasa kila asubuhi napeleka samaki sokoni, hata siku ambayo kitanda kinanivuta. Siku hiyo ndiyo sijibembelezi: nakanyaga tu, na nikifika barabarani moyo umeshachangamka.

Seth akikupigia simu akaiulizia baiskeli yake, mwambie imetoka. Akiuliza imetoka na nani, mwambie na mwenyewe.

Ni mimi, bado wifi yako,
Raheli