Msamaha wa Kodi kwa Anayerudi Nyumbani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi kazini, nimeloweka miguu kwenye beseni, nimefungua kikokotoo cha kodi ya magari ya Tanzania mara ya tatu. Jibu lile lile. Milioni kumi na laki nne. Nimeingiza upya mwaka wa gari, nimeingiza upya ukubwa wa injini, nimesoma bismillahi. Milioni kumi na laki nne.

Gari lenyewe nililinunua pauni elfu moja na mia nane. Kwa Mzee Jayanti wa Stanmore, hapa hapa London, Mhindi aliyezaliwa Tanga. Tulipatana kwa Kiswahili nusu siku nzima, chai mara mbili na kachori. Alianzia elfu mbili na nusu. Nikamwambia mzee, wewe wa Tanga mjini na mimi wa Muheza, leo unaniuzia kama mgeni? Akacheka, akashusha. Mwaka na nusu sasa natamba na bei ile.

Kikokotoo hakina habari na Jayanti. Mamlaka ya Mapato wana orodha yao ya bei, na wanatoza kwa orodha yao. Risiti yangu nifutie miwani.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekaa na kalamu nielewe. Kuna ushuru wa forodha. Kuna ushuru wa bidhaa. Kuna kodi ya uchakavu, kwa kuwa gari limepita miaka kumi. Yaani natozwa kwa kuingiza gari, halafu natozwa tena kwa kuwa si gari la maana. Mwisho inakuja VAT, inahesabiwa juu ya hizo zote. Kodi nayo inalipiwa kodi. Nimetupa kalamu.

Na gari liko baharini, linakwenda kwa Mama, Muheza. Nililipakia kwanza, nikahesabu baadaye. Binti yangu Neema alinishauri nianze na hesabu. Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku ile nilijifanya Kiingereza sikijui.

Sijutii kununua. Mama ana miaka themanini na mbili, magoti yamekwisha, na kila mwezi kliniki anapelekwa kwa bodaboda. Watatu juu ya pikipiki moja: dereva mbele, mdogo wangu Shabani nyuma, Mama katikati wamembana asianguke. Mama yangu mzazi, mshikaki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Bwana Msofe, wakala wangu wa forodha Dar. Kumbe kuna msamaha. Mtanzania aliyeishi nje muda mrefu, akiwa na gari lake alilolimiliki na kuliendesha zaidi ya mwaka, anaingiza bila ushuru. Nje nimeishi miaka ishirini na moja. Gari nimeliendesha mwenyewe, sokoni, kazini, mpaka Hounslow kwenye harusi. Nimekaribia kucheza ngoma.

Sharti moja tu. Awe anahama, anarudi nyumbani moja kwa moja.

Sasa, kurudi nitarudi. Nimesema hivyo tangu Neema yuko chekechea. Hakuna anayeweza kusimama akasema mimi sirudi. Sijataja siku, basi. Fomu nimeijaza kwa robo saa, nimeacha mstari mmoja, wa tarehe ya kurudi.

Jumamosi, 13 Septemba

Msofe anataka barua ya kuthibitisha kuwa nahama. Nimekwenda kwa Mama Kelvin, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama wa Kitanzania hapa Lewisham. Chama kina mhuri. Nimemweleza vizuri kwamba hili ni jambo la karatasi tu. Akasema amenielewa kabisa, akapiga mhuri mara mbili.

Sijafika hata kituo cha basi, simu inatetemeka. Grupu limechafuka. Hongera Mama Neema. Umetutangulia Mama Neema. Nyumbani ni nyumbani. Mama Kelvin ameweka picha yangu ya miaka kumi iliyopita, imezungushiwa maua kama ya marehemu.

Jumapili, 14 Septemba

Wameanzisha michango ya kuniaga. Na mweka hazina wa chama ni nani? Mimi. Pesa za kuniaga mimi zinaingia kwangu, na kila ikiingia natakiwa kuandika kwenye grupu: imepokelewa, Mungu akubariki. Nimeandika hivyo mara kumi na tisa leo. Kumi na tisa.

Mama Joyce hajachanga. Ingekuwa si mchango wangu mwenyewe ningeshamfuata. Mwaka jana nilimpiga faini kwa kuchelewesha mchango wa msiba.

Jumatano, 17 Septemba

Shabani amepiga. Mama ameshajua.

Mama Kelvin ana shoga yake Korogwe, shoga ana dada Muheza. Gari linakwenda wiki sita. Umbeya umekwenda siku nne.

Mama amehamisha saruji. Chumba cha uani Shabani alikijaza mifuko ya saruji mwaka aliotaka kujenga, hakujenga, saruji ikaganda ikawa mawe. Miaka saba Mama anamsihi aitoe. Juzi ametangaza dada yako anarudi, chumba ni chake. Saruji imetoka asubuhi moja. Ukuta umepakwa rangi ya buluu. Amenunuliwa chandarua mtu ambaye haji.

Kisha Mama akapewa simu. Akasema karibu nyumbani, mwanangu. Nikasema ahsante, Mama.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mengine yote ningeweza kuyasingizia watu.

Ijumaa, 19 Septemba

Neema amesoma fomu yangu mezani. Amesema kwa Kiingereza kwamba ule ni uongo wa maandishi, na kosa hilo lina jina lake kisheria. Nikamwambia mimi mtu mzima. Akasema hilo ndilo linalomshangaza.



Jumapili, 21 Septemba

Sare imechaguliwa. Kitenge cha kijani chenye ndege. Vipande kumi na viwili vimenunuliwa, na duka halirudishi pesa. Mimi nitavaa cha dhahabu kama bibi harusi.

Mama Joyce amekuja nyumbani bila taarifa. Nikadhani analeta mchango. Amekuja kuona friji. Ameifungua, ameifunga, ameuliza inakula umeme kiasi gani, kisha akatoa kamba ya kupimia sofa. Sofa nimeikalia. Akasema simama kidogo, Mama Neema, nipime na urefu. Nikasimama. Mtu akishakuwa mwongo hata sofa yake hawezi kuitetea.

Jumanne, 23 Septemba

Msofe tena. Barua ya chama haitoshi. Wanataka barua ya kuacha kazi na tiketi ya kwenda bila kurudi. Meli inafunga gati wiki ijayo, na gari likilala bandarini bila karatasi, kila siku ina gharama yake. Akanishauri kiungwana: mama, barua ya kazi andika tu mwenyewe, nani atapiga simu Lewisham?

Nimemkasirikia sana. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaiwaza hiyo barua kabla yake. Nilikuwa nimefika mpaka "Kwa anayehusika".

Wakati wa mapumziko nimetoka jikoni hospitalini nikapanda hadi ofisi ya wafanyakazi. Niombe barua ya kuacha kazi nisiyoiacha. Nimesimama mlangoni na kofia yangu ya nailoni kichwani. Dada mmoja akauliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Njia ya mwongo fupi. Yangu imeishia ghorofa ya pili.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimempigia Mama. Nimekwenda kwenye ngazi za nyuma za hospitali, pale kwenye mapipa, asinisikie mtu. Nilikuwa nimepanga maneno. Yakatoka yote kwa mkupuo: kodi, msamaha, fomu, mhuri, kitenge, mpaka friji. Nikamwambia sirudi, Mama. Si sasa hivi. Nimedanganya kwa ajili ya gari.

 Nikasikia jogoo wa jirani.

Akasema, "Nilijua."

Nilijua tangu siku ya kwanza, anasema. Mtu anayerudi haulizi habari za gari, anauliza bei ya bati. Nikamuuliza, sasa mbona umepaka rangi chumba? Akasema saruji ya Shabani ingetokaje? Miaka saba naomba kwa upole. Mungu kaniletea sababu, niikatae?

Nimecheka nikashindwa kusimama. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia basi, Mama, kwa kuwa umeelewa, niimalizie hiyo fomu, gari likufikie bila gharama. Kweli nimesema hivyo. Sijui nimezaliwaje.

Sauti yake ikabadilika. Akasema, "Lilipie, Asha. Wiki nzima hii watu wananipa hongera, na mimi najua si kweli, na bado nikawa nakwenda kukitazama kile chumba. Usiniletee gari kwa jina la kurudi. Ukija kurudi, neno hilo nilikute zima."

Nimelia pale kwenye mapipa kama mtoto. Msimamizi amenipa ruhusa dakika kumi, akadhani nimefiwa.

Mimi nilijua nawadanganya mamlaka. Sikujua kwamba kitu nilichokuwa nakiuza ni kile Mama anachokisubiri. Nimejiona hovyo. Naandika hivyo hivyo: hovyo.

Fomu nimeichana.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimeandika kwenye grupu. Ndugu zangu, sirudi kwa sasa, kulitokea jambo la kodi, michango yote nitairudisha. Kimya cha dakika tatu. Kwa lile grupu ni kama kukatika umeme.

Halafu Mama Kelvin: nyama ya pilau imeshanunuliwa. Mama fulani: sare imeshashonwa. Mama Joyce, ambaye hajatoa hata senti: tumehuzunishwa sana. Wamejadiliana mbele yangu kama sipo. Uamuzi: sherehe iko pale pale, mchango haurudi, na mweka hazina anapigwa faini ya pauni hamsini kwa kutoa taarifa zisizo sahihi.

Risiti nimejiandikia mwenyewe. Imepokelewa, Mungu akubariki.

Jumapili, 28 Septemba

Tumekula. Kumi na wawili wa kijani na mmoja wa dhahabu. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaondoka, hakuna aliyelia, na watu wamecheza kuliko harusini. Mama Kelvin katoa hotuba yake ya kuniaga neno kwa neno, maana ilikuwa imeshapigwa chapa. Kasema nilikuwa mtu wa ukweli. Ukumbi mzima umeangua kicheko, na mimi nikacheka na kisha nikatafuta pa kutazama.

Nimepewa zawadi ya sanduku kubwa la magurudumu. Nimejaribu kulirudisha, wamekataa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Gari limefika. Nimelipa. Milioni kumi na laki nne, na ada ya bandari, na ada ya wakala, na ada nyingine ambayo Msofe ameieleza mara mbili na bado sijaielewa. Nimetoa akiba ya likizo, nimetoa akiba ya jokofu jipya. Benki wameniuliza mara tatu kama kuna mtu ananilazimisha kutuma pesa hizi.

Inauma. Sitasema haiumi. Gari moja nimelinunua karibu mara tatu.

Lakini Msofe aliponiuliza niandike nini kwenye sababu ya kuingiza gari, nikamwambia andika ni la mama yangu. Akasema hilo halina punguzo. Nikamwambia najua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua tangu asubuhi.

Shabani ametuma picha. Mama amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, mkanda umemkaba, hajatabasamu. Analalamika kiti kiko chini mno na Shabani anaendesha kama anawinda. Kliniki wamefika kwa dakika kumi na tano. Kurudi akataka wapitie sokoni, na hakuwa na haja ya kitu sokoni.

Baada ya zamu nimepanda tena hadi ofisi ya wafanyakazi, kuuliza habari za pensheni. Mtu wa umri wangu akiacha kazi anapata nini, na akihama nchi wanamtumia au inaishia hapa. Wameniuliza kama kuna tatizo lolote. Nimesema hakuna. Wamenipa karatasi nne, nizisome taratibu.

Nimezisoma kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo. Nyumbani nimezisoma tena na Neema. Tumekaa nazo mezani, akanitafsiria zile sehemu ngumu, kwa Kiswahili chake kibovu, pole pole. Hakuuliza kitu.

Sijamwambia mtu mwingine. Kwenye grupu sitii mguu. Mama naye sijamwambia. Nikimwambia, nataka niwe na hakika.