Mita Kumi na Mbili Nyuma ya Muuza Makala

Jumamosi. Baridi ya kiangazi cha huku, vumbi jekundu hadi ndani ya masikio. Moyo mzito.

Ni mwezi wa pili tangu niache mashindano na kurudi Kamina kwa mama. Nilishinda mara tatu mbio ndefu kule ng'ambo: kuogelea karibu kilomita nne, baiskeli mia na themanini, halafu kukimbia arobaini na mbili bila kupumzika. Hapa nikieleza, watu wananiuliza nilikosea nini hata nikapewa adhabu hiyo. Nacheka nao. Kisha naingia chumbani, nafunga mlango.

Nakiri: nina upweke, na ni mimi niliyeuleta.

Tangu nifike napima chakula changu kwa mizani, nakula peke yangu, kwa saa zangu. Mazoea ya miaka kumi na tano. Wiki ya kwanza mama aliniita kwenye bukari, ugali wetu, kila siku. Wiki ya pili aliita mara moja tu. Sasa haniiti tena. Namsikia uani akila na mama mdogo, wanacheka kwa Kiluba, na mimi ndani nahesabu gramu za wali. Simlaumu.

Asubuhi nilitoka na baiskeli, maana miguu haijui kwamba kazi imeisha. Wakati wa kurudi nikamkuta muuza makala anasukuma baiskeli yenye magunia manne ya makaa, anapanda kilima. Njia ilikuwa nyembamba, mchanga pande zote, sikuweza kumpita. Basi nikabaki nyuma yake mita kumi na mbili. Kwenye mbio zetu ndiyo sheria: ukimkaribia wa mbele unajikinga upepo kwa mgongo wake, ni wizi, unaadhibiwa. Mwili ulitii wenyewe. Nyuma ya mtu anayetembea!

Akageuka, akaniita kama ndugu yake mkubwa. "Yaya, unabakia kule nyuma juu ya nini? Minyi siko na bugonjwa! Kuya, unisukume kidogo."

Huku kwetu watu wa makala hupanda wakisukumana. Anayetangulia kufika juu hurudi kumsaidia mwenzake. Na mimi, mtoto wa hapa, nilikuwa namhesabia mita.

Aibu ilinishika.

Nililaza baiskeli yangu mchangani, nikaweka mikono kwenye gunia, tukasukuma hadi juu. Hakuniuliza jina. Alisema tu, "Aksanti, yaya. Uko na nguvu." Nilishuka kuchukua baiskeli yangu, nikalia njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa sababu tangu nifike hakuna mtu aliyekuwa amenihitaji.

Mchana mama na mama mdogo walikaa uani na bukari na mboga ya lengalenga. Sikwenda chumbani. Nilinawa mikono nikakaa karibu, hata goti langu likagusa la mama. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba changu.

"Mizani yako iko wapi, weye?"

"Iko inalala, mama."

Hakucheka. Alisogeza sahani kidogo upande wangu, akaendelea kula.

Nilikula hadi nikashindwa kuinuka. Kesho sijui nitafanya kazi gani. Saa ya kula naijua.