Chupa ya mawese ya mama

Jumanne

Nimemukasirikia mama leo, na sasa roho inaniuma.

Tangu aambiwe iko na ugonjwa wa sukari na apunguze mafuta, bado anapika sombe, majani ya muhogo, inayoogelea ndani ya mafuta ya mawese, ila sasa anashushia na kikombe cha chambiko, maziwa ya kuganda ya hapa Malawi. "Inasafisha mafuta yote," anasema. Kanisani, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, bamama bote banasema vile.

Asubuhi tulienda Lilongwe kwa munganga wa hospitali. Alimuelezea polepole: chambiko ni nzuri kwa tumbo, lakini haifuti mafuta. Mama akaitika "zikomo, zikomo", asante ya hapa, kama mwanafunzi mwema.

Kufika nyumbani, akashika chupa ya mawese. Nikamunyang'anya mbele ya bajirani. Mi nani, nimunyang'anye mama chakula? Lakini naogopa. Sina mwingine hapa.

Sombe nikaipika mi, na mafuta kidogo sana. Alionja, akasogeza sahani pembeni. Nikajua inakosa ladha ya kwetu Fizi. Nikamurudishia chupa yake.

Akaifungua, akainusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Akaifunga. Hakumwaga hata tone kwa sahani.

"Sasa hii njo sombe ya kweli," akasema, akaanza kula.