Masizi Ndani ya Kisigino

Mama yangu,

Ninakuandikia mutoto akiwa mugongoni, anaota meno na ananikatalia usingizi. Uko muzuri? Kisigino kinakuachia ulale? Sisi huku Butembo tunapumua, Mungu asifiwe.

Majibu ya kipimo cha kisigino chako ilifika. Niko na kasirani, Mama, lakini haikuhusu wewe.

Unakumbuka dokta alikuchoma sindano kwa kile kidonda cheusi, akatoa chembe za nyama. Akaziangalia kwa mikroskopi: nyeusi tupu. Akaniuliza, "Madame, nani alitia makala humu?" Nilisikia haya. Nikamuambia kaka yangu Kambale alileta muganga wa kienyeji, akakuchanja na wembe na kupaka masizi, ati ulitegewa dawa ya uchawi kwa njia ya shamba. Dokta akasema, "Basi mulinifunga macho. Weusi huu ni masizi ao ni ugonjwa?"

Ndiyo maana batu ba labo balituma vile vioo vyenye chembe zako Kampala, kwenye kuna dawa inayoshika protini za zile chembe zinazotia ngozi rangi. Masizi haina protini, haishikwi. Chembe zako zilishikwa, zikageuka nyekundu karibu zote, na hapana kawaida zijae vile ndani ya nyama. Ni kansa, Mama. Hakuna mutu aliyekutega.

Nilimupigia Kambale. Akasema, "Mulozi anaweza kujificha hata ndani ya mashini yenu." Nikamuuliza, "Na wewe ulijificha wapi wakati Mama mudogo alifukuzwa kwetu, ndoo yake ya maji mukononi?" Akakata simu. Dada yako wa tumbo moja, Mama, hamumusalimie tangu mavuno ya maharagwe, ati ni yeye alitega.

Dokta anataka kukata kisigino kabla ugonjwa upande kwa kinena. Unaogopa, najua. Mimi pia. Lakini wembe mwingine wa muganga, hapana. Siku ya Alhamisi panda pikapu inayotoka Mutwanga kuja Butembo, ukae mbele, mguu unyooke.

Hospitali inataka garde-malade, mutu wa kukuchunga na kulala karibu yako, na mimi niko na mutoto wa kunyonya. Nilimuomba Mama mudogo. Hakuuliza neno, alisema tu, "Nitafunga mukeka." Umusalimie wewe wa kwanza.

Unisalimie Papa, na wifi yangu anayekuchemshia maji ya kidonda, na bamama ba kwaya banaokuombea. Kambale simusalimie. Abebe kwanza ule mukeka wa Mama mudogo mupaka kwa pikapu, batu bamuone.

Binti yako anayekungojea,
Masika