Samaki Niliyemgeuza

Guangzhou, Jumanne

Weiming,

Jumapili saa saba mchana nilipoteza uchumba wetu kwa kumgeuza samaki. Tangu nitoke Lima nimekula kwenye migahawa ya mji huu kwa miaka sita, na hakuna aliyeniambia kwamba mezani kwa mwenye meli, kumgeuza samaki ni kupindua meli. Baba yako alisema, "Mkwe, umeshanizamishia meli moja. Zimebaki tatu." Nyote mezani mlicheka, yeye hakucheka. Akasema harusi hakuna. Wewe ukainamia chai yako.

Duka langu nililianzisha mwenyewe, sihitaji kubebwa. Ila nimechoka kujifunza desturi zenu peke yangu.

Ijumaa saa sita mchana nitakuwa kwenye mgahawa wa Bi Liang, nimeagiza samaki mmoja. Nitakula upande wa juu tu. Ikifika saa saba hujaja kuniambia kama unanioa au hunioi, nitamgeuza.

Rosaura