Neno Lililopanda Mlima

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba ule mkono ulioungua karakanani umeshapona na umerudi kwenye kuchomelea mageti ya watu. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi lakini chakula anakula, na ubishi wake uko palepale. Paa la jikoni tulilibadilisha. Mbuzi yule mwenye pembe moja bado yu hai na bado hana adabu.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu uondoke tumekuwa watu wa salamu za kupitia kwa madereva. Safari hii nina habari ambayo sikutaka ipite mdomoni mwa mtu mwingine, maana watu hupunguza, na mimi sitaki hata chembe ipungue. Kaa chini. Kama wifi yupo karibu, msomee kwa sauti.

Kijiji chetu usingekitambua. Siku hizi wageni wanakuja hata msimu wa baridi. Wanapanda kutoka stendi hadi kwenye chemchemi, wanakwenda kuoga maporomokoni huku wakipiga kelele kwa sababu ya ubaridi, wanaingia pango la popo na kutoka wameziba pua, kisha wanafuata Mgongo wa Punda, ile njia nyembamba ya juu, hadi mahali panapoonekana mabonde yote mawili. Mimi ni mwongozaji sasa, kwa cheti na kwa fulana ya kijani. Kazi yangu ni kutembea nyuma ya wote, nisimwache mtu. Wenzangu wananiita Mkia, na jina limenikaa.

Na mwenye mlima, kwa maneno yake mwenyewe, ni Bwana Kilele. Unamkumbuka, huwezi kumsahau. Alijipachika jina hilo baada ya Baba kukatwa mguu, akajenga nyumba ya wageni yenye baraza la mbao, akaning'iniza picha yake mlangoni amesimama na fimbo, mguu mmoja juu ya jiwe. Jiwe lenyewe liko nyuma ya choo chake. Tangu kitambi kimwote alikuwa havuki chemchemi, lakini jioni kwenye baraza alikuwa akiwasimulia wageni mlima mpaka vinywa vinabaki wazi. Mimi nilikuwa nikipita na masufuria ya chakula cha wageni, namsikia, nauma meno.

Najua unaamini nini kuhusu siku ile. Unaamini Baba alilewa akawatelekeza wageni kwenye ukungu, na Kilele akawashusha salama. Mimi nilikuwepo Baba alipotueleza kitandani, na wewe ulikuwepo. Alisema alipofika chemchemi aliona mgeni mmoja hayupo. Akarudi juu kumtafuta, akamwacha Kilele, msaidizi wake wakati ule, kwenye rundo la mawe linaloonyesha njia, amsubiri pale na aite bila kuacha, ili sauti yake iwe njia ya kurudia. Kilele akaona baridi, akashuka. Baba akaita, hakuitikiwa, akatumbukia korongoni. Yule mgeni kumbe alikwisha shuka kwa njia ya maporomoko, hakuona wala hakujua lolote. Asubuhi Kilele ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia Baba, na chupa mkononi, eti ya kumpasha moto. Wengine walipofika, Baba ananuka pombe kuanzia kichwani, na hana fahamu za kujitetea.

Mkuu wa waongozaji akamvua filimbi. Na wewe, kaka, ukasimama mlangoni mbele ya majirani ukasema huna baba, una mlevi wa mguu mmoja. Halafu ukachukua begi. Nakukumbusha tu, huenda kelele za karakana zimekusahaulisha.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Juu kabisa, mwisho wa Mgongo wa Punda, wamejenga jukwaa la mbao la kutazamia mandhari. Likapangwa kufunguliwa, na Kilele akaombwa aongoze wageni wa kwanza. Angekataaje? Alikuja na kofia nyekundu mpya na viatu ambavyo bado vilikuwa vinalia. Mkuu wetu alitangulia jukwaani na watu wa ofisi kutupokea. Mimi nikakaa nyuma kama kawaida.

Kabla ya kuondoka niliwafundisha wageni kupokezana sauti. Unalijua hili, ni jambo la Baba, alilibuni yeye na waongozaji wote wanalitumia mpaka leo. Kwenye ukungu, au njia inapokuwa nyembamba, mtu hatoki kwenye mstari. Mwenye neno analitamka, aliye mbele yake analirudia vilevile, bila kuongeza wala kupunguza, na wa mbele yake vivyo hivyo, mpaka lifike kichwani. Wageni wanalipenda kupita kiasi. Nilisema mkia upo, nikalisikia neno langu likipanda kwa sauti nene na nyembamba, na mwalimu mmoja mstaafu akilitamka kama anasahihisha mtihani. Kilele naye alilirudia, kwa sababu alikuwa anapigwa picha.

Hakudumu mbele. Kwenye pango alisema anarudi nyuma kidogo kukagua mstari. Baada ya pango akakagua zaidi. Tulipofika Mgongo wa Punda alikuwa ameshakagua watu wote, amebaki mbele yangu mimi tu, anahema, kofia ameishika mkononi. Ndipo ukungu ukatufunika, ule mzito usiokuonyesha hata viatu vyako.

Nilipitisha neno la kusimama. Mstari ukasimama, kichwa chake kikiwa tayari karibu na jukwaa. Yeye, badala ya kutulia, akasema amebanwa na haja ndogo, akatoka njiani upande wa korongo. Nikasikia kiatu kikiteleza, kisha yowe. Nilipomsogelea alikuwa amelikumbatia jiwe kwa mikono yote miwili, kifua kimegandamana nalo, miguu inaning'inia ndani ya ukungu. Aliniambia nimpe mkono. Nilikaa chini, kaka. Nilikaa, nikakunja miguu.

Nikamwambia mstari unangoja neno. Akaniambia niwaambie ameanguka. Nikamjibu kwamba yeye ni mwongozaji mkongwe, anajua mwenye shida ndiye anayetamka, na mimi mkono nitautoa mstari ukishapata neno la siku ile. Aliuliza siku ipi. Kokoto ikaporomoka kando ya kiwiko chake na hakuna aliyesikia ikitua. Akanitukana kwanza. Kisha akaniahidi kazi ya umeneja, na chumba chenye maji ya moto. Kisha akaanza kulia, na nikwambie ukweli, kile kilio nilikinywa kama maji ya chemchemi.

Mwishowe akatamka. Alisema, "Mimi nilimwacha mwongozaji juu!" Mwalimu mstaafu, aliyekuwa mbele yetu, akalipokea bila kuuliza: mimi nilimwacha mwongozaji juu. Likaenda. Mama mmoja akalisema, mumewe akalisema, vijana wawili wakalisema huku wanacheka wakidhani ni mchezo, likapanda na ukungu mpaka sikulisikia tena. Nikamwambia bado. Akasema, "Hakuwa amelewa! Pombe nilimmwagia mimi!" Nalo likapanda, ila safari hii hakuna aliyecheka. Kaka, hebu fikiria watu ambao hawajawahi kumwona Baba, kila mmoja kwa kinywa chake akimsafisha, mmoja baada ya mwingine.

Halafu jibu likaanza kushuka kutoka jukwaani, kinywa kwa kinywa, mpaka mwalimu akatufikishia kwa upole. Mkuu aliuliza ni mwongozaji yupi. Kilele alifumba macho. Nilimwambia mstari unangoja. Akasema, "Baba yake Mkia." Na hilo likapanda.

Nikampa mkono hapo? Sikuwahi. Upepo ulipiga, ukungu ukapasuka kama pazia lililovutwa, na wote tukaona. Bwana Kilele alikuwa ananing'inia juu ya majani mabichi. Uwanja mpana wa nyasi, mbuzi wanalisha, kinyesi chao kimetapakaa, na viatu vyake vipya viko shubiri moja kutoka chini. Korongo lenyewe liko mbele huko, mbali. Kisha yule mama akatoa simu yake akampiga picha. Kilele akaachia jiwe, akasimama pale chini, akaniuliza kama nilijua. Nilimjibu kwamba kwenye ukungu nani anajua kitu.

Mkuu alikuja nyumbani siku hiyohiyo bado ana vumbi la njiani. Hakukaa. Alimvisha Baba filimbi shingoni mbele ya majirani walewale, akasema alikosea na ataishi na kosa lake. Baba aliniomba nimsimulie tena sehemu ya viatu na nyasi. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampigapiga mgongo, akaomba nirudie. Kilele bado yuko kwenye baraza lake, ila viti ni vitupu, hakuna mwongozaji anayempelekea mgeni. Kila asubuhi napita pale na kundi langu na kumwamkia kwa sauti kubwa. Naweza kupita njia ya chini, ni fupi zaidi. Sipiti.

Wewe ni damu yangu, kwa hiyo nitakuungamia nisichomwambia Mkuu wala Baba. Nilijua. Pale kwenye nyasi mimi na wewe tulikuwa tukichunga na kubingirika tungali wadogo. Jiwe lile nalijua kwa kulipapasa. Hata ukungu nilijua unakuja. Niliwachelewesha wageni makusudi maporomokoni, nikiwakagua kamba za viatu mtu mmoja mmoja, ili utukute juu. Nilichotaka ni kumweka gizani alikomweka Baba na nisiitikie. Haja ndogo yake ilinirahisishia kazi tu. Sijuti. Usiku nalala vizuri kuliko zamani, na nadhani hilo ndilo linalonitisha kidogo.

Sijamaliza lakini. Kilele alimwacha Baba kwa usiku mmoja. Wewe hesabu mwenyewe ya kwako. Baba baada ya kucheka aliifuta midomo, akatazama mlango ule uliotokea wewe na begi lako, akasema laiti na mkubwa angesikia. Basi. Hakukulaumu, na ndiyo maana nakulaumu mimi.

Siku hizi Baba anashuka kwa magongo hadi chemchemi na kukaa pale na filimbi yake, anapokea neno la kwanza na la mwisho la kila mstari. Kwa hiyo njoo. Panda kutoka stendi pamoja na wageni, nitakupa nafasi mbele yangu. Kabla hatujafika kwa Baba nitausimamisha mstari, na utatamka yale uliyoyasema mlangoni, vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Watu watayapokea kinywa kwa kinywa mpaka yamfikie. Baada ya hapo utapitisha neno lako jingine, kama unalo. Lichague vizuri njiani, maana basi la kuja huku lina safari ndefu. Na usiniulize kama chini kuna nyasi.

Msalimie sana wifi, mwambie nina hamu ya kumwona. Majirani wote hawajambo na wanakuulizia kwa adabu. Baba hajui kwamba nimekuandikia, hivyo salamu zake sina. Hizo utazifuata mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mkia